Mimi Ndiye Niliyeshusha Kwanza

Tulimzika Mama Josiane Jumamosi, na Jumapili nikarudi kwake, mtaa wa Gitega, kukaa na wafiwa, maana mimi si mtu wa kumwaga udongo halafu nikapotea. Uani walikuwa wamefunga turubai, viti vya plastiki vimepangwa mpaka mlangoni kwa jirani, na juu ya paa, palepale nilipoisimamisha kwa mikono yangu, ilikuwepo nguzo yake ya chuma. Watu walikuwa wanatazama picha ya marehemu. Mimi nilitazama nguzo. Haijapinda. Katika mji huu nimeona kazi za watu zimelala ubavu baada ya mvua mbili tatu, lakini ile yangu haijapinda, na nalisema hilo bila haya kwa sababu mwenye nyumba mwenyewe alikuwa akilisema. Josiane, binti yake, siku hizi naye ni mama wa watu, akanijia na kipaza sauti. "Mzee Rama, sema neno. Wewe ndiye adui yake wa kwanza." Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachoanza na kukatika. Nikasema machache nikakaa. Yaliyobaki mdomoni ndiyo haya.

Habari za baba na babu yangu hamtazipata hapa. Mtu akitaka kunijua aniulize nimetengeneza nini. Shule niliiacha mapema, nikiwa najua kusoma polepole na kuandika jina langu likasomeka. Elimu yangu nyingine yote niliipata kwenye karakana moja ya kuchomelea, barabara ya Nyamirambo, chini ya patron mmoja, bosi wetu, aliyekuwa akituita kwa mluzi. Nilichomelea mageti, nikachomelea madirisha, mpaka siku moja nikanunua mashine yangu mwenyewe nikahamia upande wa pili wa barabara, ili kila asubuhi akifungua mlango anione. Mtaa mzima ukaniita Rama Sudere, yaani Rama mchomeleaji. Hilo jina sikupewa na mzazi, nililichuma, na ndilo nililolipenda kuliko lile la kuzaliwa.

Mwaka ninaousema, intaneti ya hewani ilikuwa ndiyo kwanza inaingia mitaani kwetu. Mwenye duka la kompyuta anaweka redio juu ya paa, jirani anaweka yake, wanarushiana bila waya. Redio zenyewe sikuzijua, lakini kila redio ilitaka nguzo, na nguzo ilikuwa ni mimi. Alikuja wa kwanza akataka ndefu. Akaja wa pili, akaitazama ya yule wa kwanza, akasema, "Mimi nataka inayoipita hiyo." Nikawauzia urefu. Sikuuliza urefu wa nini. Fundi wa nguo haulizi suti inakwenda harusi gani.

Mama Josiane alikuwa mmoja wa hao. Alilelewa Kampala, akarudi nchini mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule, cha amri amri. Alikuwa na chumba Gitega, kompyuta zimebanana ukutani, wasichana wanachapa barua za watu, na mlangoni sigiri ya mahindi ili mteja anayesubiri asikasirike kwa njaa. Nilikaa juu ya paa lake muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, kwa sababu chini yangu nilikuwa namsikia akizungumza na mteja: huyu anatuma picha ya kitambaa Dubai, yule anapata jibu la mwanawe aliye Ulaya, na wote wanashukuru hewa. Niliposhuka nikamuuliza, "Mama, hiki kinachopita kwenye nguzo yangu kinauzwa?" Akanitazama juu mpaka chini, nimejaa masizi. "Iko inauzwa, sudere. Lakini si kwa wewe. Wewe uza chuma." Angeninyamazia tu siku ile, labda mpaka leo ningekuwa nachomelea mageti.

Niliuza mashine yangu ya kuchomelea ninunue kompyuta na redio, nami niuze hiyo hewa. Mnunuzi alikuwa patron wangu wa zamani, na aliichukua mbele ya watu, akaisukuma mwenyewe kuvuka barabara huku akipiga ule mluzi wake. "Rama," akasema, "nimeinunua mimi ili isipotee. Hiyo hewa yako ikiisha, njoo uiendeshe hapa kwangu. Nitakulipa kwa siku." Vijana wa karakana wakacheka wakashikana mabega. Kwa hiyo mjue nilivyokuwa nimesimama mwaka ule: mbele yangu hewa, nyuma yangu mtu ameshika riziki yangu ananisubiri nirudi kwa miguu yangu.

Nyumba yetu Nyamirambo ilikuwa chumba na nusu. Mke wangu Mwajuma alikuwa akishona, na meza ya cherehani yake ndiyo iliyokuwa imara kuliko zote, basi kompyuta ikakaa juu yake. Cherehani ikaenda sakafuni, naye akashonea kwenye kigoda, akasema tu, "Baba Hamisi, hiyo meza nimekukopesha, sikukupa." Chumba kilinuka mafuta ya cherehani, chai ya tangawizi, na vumbi linaloungua ndani ya kompyuta. Tulikula maharage na ndizi tukiwa tumeegemea kitanda, na kwenye kioo taa ndogo zinapepesa. Juu ya paa nilijisimamishia nguzo nzuri kuliko zote nilizowahi kumuuzia mtu. Wateja nikawapata haraka maana mtaa unanijua: mafundi nguo, mwenye duka la dawa, studio ya picha, na wengine kule chini kwenye mteremko wa kuelekea Gitega, chini ya pua ya Mama Josiane. Nyumba yake na yangu zinatazamana, yeye upande wake na mimi wangu, bonde dogo katikati.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda. Kisha yakaanza kufa, na yalikufa kwa namna iliyonitia wazimu: mteja anakuonyesha kioo chake, vile vimistari vya mawimbi vimejaa vyote, vimesimama kama askari, na ukurasa haufunguki. Mwenye studio akanipigia, "Rama, mistari iko, lakini intaneti hakuna." Nikafanya kile ambacho kila mwanaume wa mtaa ule angefanya. Nikafungua ukurasa wa redio yangu, mahali pa nguvu ya kurusha, nikapandisha mpaka mwisho. Ikawa mbaya zaidi. Nikatafuta kisanduku cha kuongeza nguvu, nikakifunga kati ya redio na antena. Ikaponyoka kabisa. Kumbe ng'ambo ya bonde Mama Josiane naye alikuwa anapandisha, na wale wengine walionunua nguzo kwangu nao wanapandisha, kila mmoja akidhani jirani ndiye mwizi.

Asubuhi moja nikiwa nimeinama nje ya dirisha la duka la mafundi nguo nafunga waya, nikawasikia ndani. Hawakujua niko pale. "Mashine aliuza, sasa anatuuzia hewa." Mwingine akasema, "Hata hewa ingekuwa afadhali. Hewa unavuta inaingia." Wakacheka hadi mguu ukaacha kukanyaga cherehani. Mzee wao, mtu wa heshima, akawanyamazisha: "Mwacheni Rama. Mwisho wa mwezi akishindwa, tutahamia kwa yule mama wa Gitega, kimyakimya, bila kumvunjia heshima." Hilo la kimyakimya ndilo lililoniuma. Nilimaliza kufunga waya, nikaingia nikawasalimia, "Amahoro, mabwana," wakaitika wote kwa sauti moja kama wanafunzi.

Kuna kijana mmoja mwenye elimu yake, Innocent, aliyesomea mambo hayo na kukulia Tanzania, akifundisha kompyuta katikati ya mji. Nilimfuata nikamwambia, "Mimi sijui. Njoo uone." Maneno hayo sijawahi kuyaogopa, na ndiyo yaliyonifikisha nilipo, wengi niliowaacha nyuma walikuwa wanaogopa kuyasema. Alikuja, akanywa chai, akapanda paani, akashuka na kuketi kitandani kwetu maana kiti hakikuwepo. "Mzee, hebu nikuulize. Ile mistari inamaanisha nini?" Nikamwambia inamaanisha mteja ananipata. "Sawa. Na wewe unampata?" Akaendelea, "Redio si spika ya harusi. Inasema, halafu inasikiliza. Wewe umenunua mdomo mkubwa, lakini kiredio cha mteja kule bondeni kina mdomo mdogo, na wakati kinakujibu, yule mama wa ng'ambo anakupigia kelele sikioni. Yeye naye hasikii wateja wake kwa sababu yako. Na huyu fundi nguo aliye hapa ukutani kwako, unamrushia nguvu mpaka unamziba masikio, asikie nini?"

Nikatazama mikono yangu. Ina makovu ya cheche mpaka leo. Kisha nikasema, "Ni ampea." Akauliza, "Ampea gani?" Nikamweleza: ukichomelea chuma kinene unapandisha ampea, ukija kwenye bati jembamba unashusha, usiposhusha hushiki, unatoboa. Kila mwanafunzi wa karakana hutoboa bati wiki yake ya kwanza, na anapigwa kofi, na hatoboi tena. Mimi miaka yote ile nikiwa na mashine natoboa nini? Sitoboi kitu. Nikahamia hewani nikaanza kutoboa mji mzima. Innocent akacheka akapiga goti lake. "Basi mzee umenifundisha na mimi namna ya kuwaeleza wanafunzi wangu." Tulishusha kidogo kwa kujaribu. Mafundi nguo wa karibu wakapata nafuu papo hapo, lakini wateja wa bondeni wakazimika kabisa, kelele ya Mama Josiane ikawameza. "Hapo ndipo ugumu ulipo," Innocent akasema. "Mkishusha wote wawili, wote mnapona. Ukishusha peke yako, umemgawia wateja."

Ikabidi nimwite. Ujumbe nilimpelekea kwa heshima, naye alikuja mchana wa Jumapili akitoka kanisani, amevaa mushanana, ule mtandio wa bega moja, chumba kikawa kidogo zaidi. Mwajuma alitoa maziwa mgando, ikivuguto, kwenye jagi la bati lililofukizwa moshi likapakwa samli kwa ndani, na chapati zimefunikwa kitambaa. Mgeni hakukaa kwanza. "Rama, uliniuzia nguzo, halafu ukaja kunifungia mlango kwa nguzo nyingine. Sasa unaniita kula?" Nikamwambia, "Kaa kwanza, Mama Josiane. Ukitukana umekaa, tumbo linapata nafasi." Akakaa. Innocent akaeleza yote upya, taratibu, na nikaona yule mama anaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi, maana alikuwa anaishi nayo. Kwake pia mistari ilikuwa imejaa na wasichana wake walikuwa wamekaa bila kazi wanakula mahindi ya wateja.

"Nimeelewa," akasema. "Tushushe. Wewe anza."

"Wewe ndiye wa zamani," nikasema. "Anza wewe."

"Nishushe mimi, niende nyumbani nikukute umepanda? Oya, hapana. Mimi nimekulia Kampala, si jana."

"Na mimi nikishusha, ukifika kwako ukasahau?"

"Mimi sisahau kitu. Hata ile kona ya nguzo uliyoacha bila rangi sijasahau."

Innocent akatazama dari. Ningeweza kubishana hivyo mpaka jua lizame, na ninajua kubishana. Mwajuma ndiye aliyetukata kauli, tena bila kusema kitu. Alimimina maziwa kwenye kikombe, akanipa mimi kama mwenye nyumba, kwa sababu kwetu hapa anayekaribisha huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Nikapiga funda moja nikamkabidhi Mama Josiane kwa mikono miwili. Akakipokea. Hakunywa. Akakishika tu, akatazama kikombe, akatazama kompyuta juu ya meza ya cherehani, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Umeonja maziwa, Rama. Basi onja na ile."

Mwajuma alinitazama, na nilijua anachofikiria, kwa sababu nilikuwa nafikiria hichohicho: ule mluzi wa ng'ambo ya barabara, na mwisho wa mwezi. Niliinuka. Sikumwomba Innocent, nilikwenda mwenyewe, na kwa kidole changu kimoja kinachojua kuandika nikafuta namba ya juu nikaweka ile aliyotuonyesha. Nikapanda paani nikafungua kile kisanduku cha kuongeza nguvu nikashuka nacho, nikamwekea mgeni mapajani. "Hiki nenda nacho kabisa, ukae nacho kwako." Ndipo akanywa. Alikunywa maziwa yote, akala chapati mbili, akamsifu Mwajuma, akaondoka na kisanduku changu kwenye mkoba wa kanisani pamoja na Biblia.

Kungoja kule sitakusahau. Nilikuwa mbele ya kioo, Innocent kando yangu, macho kwenye mstari unaoonyesha kelele ya ng'ambo. Simu zikaanza. Mteja wa bondeni, "Rama, imekufa." Mwingine, "Rama, sasa hata mistari imepungua." Nikawa nawajibu wote, "Nisubirini." Mwajuma alichukua sindano akawa anashona kwa mkono bila kuinua kichwa. Mtu wa moto, pikipiki ya abiria, anafika Gitega mara moja, lakini yule mama alitembea kwa miguu, na viatu vya kanisani, nikawa namtembeza kichwani kwangu kona baada ya kona. Mstari haukushuka. Innocent alianza kusema, "Mzee, labda..." nikamwambia anyamaze. Kisha ukashuka. Si kidogo kidogo, ulianguka, kama mtu aliyetua mzigo. Simu ikaita, ni yeye. "Sudere. Unaonaje huko?" Nikamwambia, "Naona vizuri. Shusha tena kidogo." Akasema, "Yego, nashusha. Na wewe." Nikashusha. "Tena?" "Tena." Tukawa hivyo, yeye kwenye meza yake na mimi kwenye ya cherehani, mpaka wateja wa bondeni wakaanza kupiga tena, safari hii wakiuliza nimefanya nini.

Wiki zilizofuata nilipanda kila paa lenye redio yangu. Aliye karibu nikampa nguvu ndogo, aliye mbali nikamwongezea kiasi cha kunifikia tu, antena nikaziinamisha zitazame mteja badala ya kutazama mlima. Hiyo ndiyo kazi, na wengi hawaipendi kwa sababu haionekani: hakuna anayesimama barabarani akasifu nguvu uliyoipunguza. Wale wengine walionunua nguzo kwangu niliwafuata mmoja mmoja na Mama Josiane ubavuni. Mimi nawaeleza mambo ya ampea, yeye anawafokea, wakashusha. Mafundi nguo hawakuhama. Mzee wao alinilipia soda mbele ya wenzake, na wale waliocheka walikunywa na kichwa chini, nikawagongea chupa.

Patron aliendelea kunisubiri. Mwaka ulipokaribia kwisha nilivuka barabara, na vijana wakaacha kazi waone. Akasimama, ameshaweka midomo tayari kupiga mluzi. Nikamwambia, "Patron, nataka vishikio vya antena, vingi, na vichomelewe vizuri, mimi nakagua." Mluzi haukutoka. Kisha akakaa mwenyewe kwenye mashine yangu, akavaa kioo, akanichomelea. Ampea aliziweka sawasawa. Sikuwa na la kulalamikia.

Leo nina ofisi, nina vijana walioajiriwa wenye vyeti, na jina la Sudere liko mlangoni kwa herufi za chuma nilizozikata mwenyewe. Waya za kioo, zile za intaneti ya kasi, zimefika barabara kubwa, lakini mabondeni bado wananihitaji. Innocent ana mvi na bado ananifanyia kazi ngumu. Na Mama Josiane, ingawa wanawe walimletea waya mpaka mlangoni, alikataa katakata ile redio ya juu ya paa izimwe. Iliwaka miaka yote, kwa nguvu ileile tuliyokubaliana. Mara moja moja alinipigia asubuhi bila sababu: "Sudere, hujapandisha?" Namjibu, "Sijapandisha. Wewe?" Anakata simu.

Jumatatu baada ya msiba nilikaa na Innocent mbele ya kioo. Katika orodha ya mitandao inayosikika kutoka paani kwangu, jina la Josiane, ambalo yule mama aliupa mtandao wake, halikuwepo. Wanawe walikuwa wameizima redio. Mstari wa kelele wa upande wa Gitega ulikuwa umelala chini kabisa, sijapata kuuona hivyo tangu nianze kazi. Innocent akakohoa. "Mzee, uwanja wote sasa ni wako. Tukipandisha kidogo, tunashika mpaka ule mteremko wa chini."

Nikafungua ukurasa wa nguvu. Namba ilikuwa ileile tuliyofikia siku ile na yule mama, niliyoiandika kwa kidole kimoja. Nikaitazama.

"Wateja wanasikia?" nikamuuliza.

"Wanasikia, mzee. Vizuri tu."

"Basi iache."